Pua ya Mkuu

Nimevua shati ili kifua kikauke. Naomba radhi kwa kusimulia nikiwa kifua wazi, si desturi yangu, lakini katika nchi yetu mtu mwenye kifua kibichi hayupo, nami ningependa kuwepo angalau hadi nimalize. Mwandiko unapinda kidogo. Msidhani ni woga. Woga umepigwa marufuku hapa kwetu, na mimi ni raia mtiifu.

Nchi yenyewe sitaitaja. Ni nchi nzuri, ina amani nyingi, na ile inayozidi huuzwa nje. Kila raia amepewa Kitambuzi, kipande chembamba cha plastiki chenye uzi wa waya ndani yake. Huvaliwa shingoni kwa kamba, chini ya nguo, kikigusa ngozi ya kifua. Wataalamu waliotuletea walishauri kivaliwe juu ya nguo, mahali pakavu. Mkuu wa nchi akawajibu kwamba uzalendo hauvaliwi juu juu. Wataalamu wakapiga makofi, wakafunga mabegi, wakapanda ndege.

Askari naye amepewa kinusi. Jina lake rasmi ni refu, lina maneno ya sheria ndani yake, lakini watu walipoona kinavyoelekezwa kifuani kwa mtu na kulia tii, wakakiita kinusi. Ni kifaa cha mkononi, ukubwa wa kandambili ya mtoto, kina kioo kidogo mbele. Kikinasa mawimbi ya redio kutoka kwenye Kitambuzi chako, kioo kinaandika YUPO, nawe unapita. Kisiponasa, hapo ndipo penye hadithi.

Mimi, Msabaha, nilikuwa mwandishi wa maneno ya kioo katika Idara ya Vioo Vidogo. Kazi yangu ilikuwa kuchagua maneno yatakayotokea humo, na kwa kuwa kioo ni kidogo, sikuwa nikichoka sana. Aliyechora kioo chenyewe, yaani kupanga kitufe kikae wapi, kiwe na ukubwa gani na kikibonyezwa kifanye nini, alikuwa Nyamizi. Alikuwa mwanamke mwembamba, msemaji, mwenye tabia mbaya ya kwenda kuwauliza watu. Sisi wengine tulichora tukiwa ofisini. Yeye alichukua kinusi hadi lango la soko, akamkabidhi Koplo Machano, akasimama pembeni kumtazama anavyohangaika. Machano alikuwa na kidole gumba kama muhogo.

"Dada Nyamizi," alimwambia siku moja nami nikiwepo, "vitufe hivi mmewachorea watoto wa chekechea. Nikibonyeza kimoja vinaitika vitatu."

"Nitakukuzia, kaka. Na hiki je?"

"Hiki kiacheni hivyo hivyo. Hiki kinaokoa watu."

Kitufe alichokionyesha kiliandikwa JARIBU TENA. Kwa kusimama pale langoni Nyamizi alikuwa amegundua kwamba mawimbi ya redio hayapatani na maji wala chuma. Muuza samaki aliyelowa barafu hasomeki. Mchukuzi aliyetoka jasho hasomeki. Aliyekumbatia sufuria hasomeki. Lakini ukimpa mtu nafasi ajifute, au aiweke chini sufuria yake, kisha ukasoma mara ya pili, anasomeka bila matata. Ni jambo dogo tu hilo.

*

Kwetu kioo hakiwezi kutumika kabla hakijapitishwa na Kamati Kuu ya Vioo. Wajumbe ni watu wazima, macho yao yamelitumikia taifa muda mrefu, hawaoni vitu vidogo. Kwa hiyo kila kioo huchorwa upya juu ya mashuka manne yaliyoshonwa pamoja, hutundikwa ukutani, na wajumbe hukikagua wakinywa chai. Juu ya mashuka kila kitu kinaenea.

Mjumbe wa kwanza akaomba nembo ya taifa. Ikawekwa. Wa pili akaomba kaulimbiu ya mwaka, na ya mwaka jana pia, isije ikaona imetupwa. Wa tatu akauliza kwa masikitiko picha ya Mkuu iko wapi. Ukumbi mzima ukaona aibu. Picha ikawekwa katikati, ikitabasamu, na Mkuu aliyekuwa ameketi mbele akasema yeye hapendi makuu, isizidi robo tatu ya kioo.

Nyamizi akasimama. "Waheshimiwa, juu ya mashuka panatosha. Kwenye kinusi vitufe vitabaki kama punje za mtama."

"Basi punguzeni vitufe," alisema Mkuu. Akainuka na fimbo yake, akaigusa shuka pale palipoandikwa JARIBU TENA. "Hiki cha nini?"

"Cha kusoma tena, mheshimiwa, kama mara ya kwanza imeshindikana."

Mjumbe mmoja aliweka kikombe chini taratibu sana. Wengine wakaacha kutafuna. Mkuu akageuka, akatuhutubia.

"Ndugu zangu, serikali haijaribu. Anayejaribu ni mwanafunzi, ni mgonjwa, ni kuku anayetaka kuruka ukuta. Serikali hufanya, na ikishafanya imefanya. Mkiweka kitufe cha kujaribu tena, mnamwambia mwananchi kwamba mara ya kwanza tulikosea. Nani alikosea? Atajwe."

Hakuna aliyetajwa. Mkuu akanigeukia mimi. "Na wewe wa maneno. Kinusi kisipomsoma mtu, umeandika nini?"

"Nimeandika HAIJASOMEKA, mheshimiwa."

"Ondoa. Kifaa cha serikali hakishindwi kusoma. Kama hakikumwona mtu, maana yake nini?"

Jibu nilikuwa nalo, nikatazama mashuka. Nyamizi ndiye aliyejibu. "Maana yake mtu amelowa, mheshimiwa."

"Maana yake hayupo," alisema Mkuu.

Kamati ikapiga makofi. Ilifafanuliwa baadaye, kwa faida ya wasiohudhuria, kwamba mwananchi mwema ni mkavu.

*

Vinusi vikagawiwa malango yote mwanzoni mwa masika. Simlaumu mtu kwa ratiba hiyo. Mvua ndiyo ingepaswa kuomba kibali.

Wa kwanza alikuwa Bi Mashavu, muuza samaki, beseni likimchuruzikia hadi kiunoni. Machano alimsoma kwenye lango la soko, na kioo kikaandika HAYUPO chini ya tabasamu la Mkuu.

"Machano mwanangu, si mimi huyu? Jana si ulichukua vibua kwangu?"

"Ni wewe, mama. Ila humu hupo."

Utaratibu wetu ni wa kibinadamu. Mtu asiyekuwepo hakamatwi, maana atakamatwa nani? Hapigwi, hashtakiwi. Anaelekezwa tu kwenye Ukumbi wa Wasiokuwepo, ghala la zamani la pamba nyuma ya stesheni, na mlango unafungwa. Chakula hapewi, kwa kuwa bajeti haiwezi kulisha hewa. Jamaa zake huja kumpitishia mihogo ya kuchemsha kwenye tundu la hewa, na serikali, kwa upole wake, hujifanya haioni.

Hapo ndipo watu wakaanza kuogopa. Woga wa kawaida ninaujua, wa radi, wa mbwa, wa kuitwa na bosi. Huu ulikuwa mwingine. Ukiwa kwenye foleni unaogopa kutoka jasho. Ukiogopa unatoka jasho. Ukihisi jasho unaogopa zaidi, na foleni inasogea. Niliwaona wanaume wazima wakijipepea kwa kofia, na wanawake wamejipaka poda ya watoto kuanzia shingoni kwenda chini, kama andazi lililogaragazwa kwenye unga. Mwalimu mmoja alikuwa mkavu kabisa mpaka askari alipomsalimia kwa jina. Kijasho chembamba kikamtoka, na darasa lake likakaa bila mwalimu.

*

Nyamizi aliinamia kioo chake siku kadhaa. Kisha akaniita mezani kwake, akanipa kinusi.

"Kaka Msabaha, mguse Mkuu pua."

"Nyamizi, mimi nina watoto."

"Mguse."

Nikamgusa kwa ncha ya kidole. Kinusi kikalia tii, kikanisoma upya. Nilikitupa mezani kana kwamba kimeniunguza.

"Walitaka picha, nimewaachia picha," alisema. "Kitufe kiko chini ya pua. Hakina jina wala rangi. Kikubwa pia, hata Machano hawezi kukikosa. Kitufe kizuri ni kile kilichopo pale mkono unapokwenda wenyewe."

"Na wakijua?"

"Wakijua watakuwa wamejua." Alicheka, lakini nikaona leso yake imelowa chapachapa.

Kitufe kikaingizwa kwenye vinusi vyote, Machano akafundishwa, naye akawanong'oneza wenzake. Haikuchukua muda malango yote yakawa yanamgusa Mkuu pua. Mtu akisomwa HAYUPO, askari anamwambia ajifute, anatazama huku na huku, anabonyeza, YUPO, pita. Wananchi nao hawakukawia kuelewa. Ikawa desturi kwamba ukifika mbele ya askari unajikuna pua kidogo, na hayo ndiyo maombi yenyewe. Askari akijikuna yake, umepona. Waliokwisha kuingia Ukumbini hawakusaidika, maana hakuna aliyekwenda kuwasoma tena.

Kilichotuponza ni usafi. Vinusi hurudishwa Idarani kusafishwa, na safari hiyo Mkuu alikuja kukagua. Akainua kimoja, akakitazama. Akainua kingine. Vioo vyote vilikuwa vimechakaa mahali pamoja. Katika kila kimoja Mkuu alikuwa anatabasamu vizuri, macho anayo, mashavu anayo, pua imesuguliwa mpaka ikafutika.

"Pua yangu iko wapi?" aliuliza.

Nilihisi jasho likishuka mgongoni, nikamwomba Mungu lisizunguke likaja mbele.

"Nani anamsugua Mkuu pua?" Safari hii aliuliza kwa upole, na upole wake ndio tuliouogopa siku zote.

Nyamizi akainuka kwenye kiti chake. Hakungoja tuulizwe mmoja mmoja. "Ni mimi niliyewaelekeza, mheshimiwa. Ukiigusa, kinusi kinasoma tena."

"Mara ngapi?"

"Mpaka mtu apatikane."

Mkuu akaagiza asomwe papo hapo. Machano alikuwepo, alikuwa ameleta vinusi vya sokoni, basi kazi ikamwangukia yeye. Kioo kikaandika HAYUPO. Kidole gumba kile kikaanza kupanda kwenye kioo, kikafika kidevuni pa Mkuu wa picha, na Mkuu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yake, anachungulia begani. Kidole kikashuka.

"Twende, dada," alisema Machano, huku machozi yakimtoka waziwazi.

Mimi nikapewa meza ya Nyamizi, na amri ya kukiondoa kitufe cha puani. Alikuwa amenifundisha mwenyewe namna ya kuhamisha vitufe. Nikakiondoa.

*

Ili taifa lijue kwamba pua yake imepona, Mkuu aliitisha Siku ya Kusomwa. Yeye angesomwa wa kwanza, uwanjani, mbele ya mabalozi. Alivaa sare ya jenerali, na kifuani, juu ya mahali kilipokaa Kitambuzi chake chini ya nguo, akabandika nishani zote alizojitunuku, za shaba na za chuma, nyingine kubwa kama kisosi. Jua lilikuwa kali. Machano aliteuliwa kumsoma kwa kuwa, ilisemekana, amejirekebisha.

Tii haikulia. Kioo kikaandika HAYUPO.

"Mheshimiwa," alisema Machano kwa sauti ya kazi, "hupo."

Mkuu akacheka. Mabalozi wakacheka. Kisha akaona askari hawacheki.

"Jaribu tena," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hatukuwahi kuisikia kwake.

"Hakuna kitufe, mheshimiwa."

Akakinyakua kinusi, akajielekezea, akajibonyeza pua kwenye kioo. Akajibonyeza tena kwa nguvu. Nilikuwa nimekiondoa vizuri sana, napenda kazi safi. Jasho likamtoka kwenye paji, likafuata mashavu, na nasema kweli nilimwonea huruma, maana woga ule niliujua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wahenga. Mkuu asiyesikia lake mwenyewe hawakumsemea kitu. Makamu wake, aliyekaa pembeni akiwa mkavu kama dagaa, akainuka, akatangaza kwamba kiti kiko wazi kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekikalia. Mkuu akavuliwa nishani, akaelekezwa Ukumbini kwa heshima zote zinazomstahili mtu asiyekuwepo.

*

Makamu, ambaye sasa ndiye Mkuu, alianza kwa hotuba ya matumaini. Alisema amesikia minong'ono ya nchi za nje kwamba tuna ghala lililojaa watu. Yeye ataionyesha dunia kwamba ghala ni tupu. Waliomo wote watasomwa, kila mmoja atatokea HAYUPO mbele ya mashahidi, na Ukumbi ukishathibitishwa kuwa mtupu, watarudishwa ndani na mlango utajengewa matofali, "kwa kuwa chumba kitupu hakihitaji mlango." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Mikono ilikuwa ikipiga yenyewe, ingawa Nyamizi alikuwa humo ndani.

Kazi niliyopewa ilikuwa moja, kutoa uso wa zamani kwenye kioo na kuweka mpya. Nilikaa mbele ya uso ule nikiogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Puani hapafai tena, pangechakaa, na mwenye pua angeuliza. Nikakumbuka maneno ya Nyamizi kuhusu mahali mkono unapokwenda wenyewe. Mkono wa askari wetu unakwenda wapi akiona uso wa kiongozi una vumbi? Nikaufanya uso mzima kuwa kitufe. Haubonyezwi. Unafutwa kwa kitambaa, kutoka paji hadi kidevu, na ukifutwa kinusi kinasoma tena. Nilimwambia Machano peke yake. Alijikuna pua tu.

Siku ikafika. Tulisimama nje ya ghala, Mkuu mpya, mashahidi, na mafundi uashi na matofali yao. Mlango ulipofunguliwa, joto ndilo lililotoka kwanza. Kisha wakaanza kutoka watu, wamelowa kuanzia utosini. Bi Mashavu alitangulia. Kioo kikaandika HAYUPO, na Mkuu mpya akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Machano akatoa kitambaa cheupe, akampa Bi Mashavu ajifute shingo na kifua. Kisha akakipokea, akaufuta uso uliokuwa kwenye kioo, kwa unyenyekevu mkubwa.

"Unafanya nini, koplo?"

"Una vumbi, mheshimiwa. Siwezi kukuacha na vumbi."

Mashahidi wakaguswa na mapenzi hayo. Nani angeyakataza? Kinusi kikalia tii. YUPO.

Wakafuata wachukuzi, akafuata mwalimu, akafuata Nyamizi. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imejitokeza. Alikitazama kioo, akaona kidole cha Machano kinavyoteleza usoni bila kukosa, na alipopita karibu yangu akanong'ona, "Hatimaye kitufe kikubwa, kaka." Nilijizuia kulia, kwa kuwa machozi nayo ni maji. Hata Mkuu wa zamani alisomeka. Aliingia katikati ya umati akaondoka bila kumshukuru mtu.

Mkuu mpya akabaki na umati wa watu waliopo, mbele ya mashahidi. Akafikiri kidogo, kisha akatangaza kwamba katika siku chache za utawala wake wananchi wameongezeka. Makofi yalikuwa marefu.

"Sasa tumsome na mchoraji," alisema, akinitazama. "Anastahili pongezi."

Kinusi kikanielekea. Nilikuwa nimelowa tangu asubuhi. HAYUPO. Machano akanipa kitambaa, lakini kilikuwa kimefuta ghala zima, kinachuruzika. Nilijifuta nacho nikazidi kulowa. Akaufuta uso wa kioo. HAYUPO. Akaufuta tena. HAYUPO.

"Vumbi limekwisha, koplo," alisema Mkuu mpya. "Mrudisheni ndani, mafundi waanze."

*

Basi niko humu. Ghala ni kubwa mtu akiwa peke yake, na kiserikali ni tupu, imethibitishwa. Mafundi wanajenga mlangoni. Nasikia mwiko ukikwangua tofali, na mmoja wao anapiga mluzi, ana mluzi mzuri. Naandika nyuma ya picha ya Mkuu wa zamani iliyosahauliwa ukutani, nitaipitisha kwenye tundu la hewa, ambalo hawajalifikia. Naogopa sana. Naweza kulisema hilo sasa, maana asiyekuwepo hana kosa.

Nje nimesikia sauti ya Nyamizi mara moja, anabishana na mtu kuhusu kitambaa kikavu. Machano alikuwa anajibu, sikumsikia anajibu nini. Mimi nimesimama karibu na tundu, panapopita upepo, sisogei, nafikiria vitu vikavu, unga, chokaa, mabua, hotuba. Kifua kimeanza kukauka upande mmoja. Wewe utakayepita huko nje na kinusi, kielekeze kwenye tundu. Kikikuambia sipo, tafadhali, jaribu tena.